"Diski imetoka": mgongo wa mkulima unaumia wapi, na lini usingoje



Msimu huu tulizunguka kwenye vikundi vya Irumu na Djugu kwa ajili ya mbegu, mistari ya kupandia na viwavi vya mahindi. Karibu kila mahali, kikao kikiisha na watu wakianza kutawanyika, mtu mmoja alibaki nyuma ameshika kiuno. "Agronomu, mugongo inaniuma. Banasema diski imetoka. Sasa nitalima tena?"

Sisi si waganga, wala hatutaki kujifanya waganga. Lakini swali hilo lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya hospitali. Sehemu ya pili ni ya shamba: jembe, saki, bidoni, saa ya kuanza kazi. Hiyo ya pili ni kazi yetu kabisa. Kwa ile ya kwanza tumewauliza watu wa afya na tumesoma waliyoandika wataalamu, ndipo tukaandika ukurasa huu.

Tunachokiona vijijini ni hiki: watu wanauza mbuzi ili kutibu maumivu ambayo mara nyingi yangepona yenyewe, halafu watu wale wale wananyamazia alama ambazo zingewapeleka hospitali siku hiyo hiyo. Mambo yamegeuzwa. Tungependa kuyarudisha mahali pake.

Diski ni kitu gani

Kuanzia shingoni mpaka kiunoni tuna pingili 24 za mfupa zinazotembea, moja juu ya nyingine. Kati yake kuna diski 23. Chukua kitunguu ukikate katikati: zile duara zake nyingi ni kama ukuta wa diski, nyuzi ngumu zilizozungushwa tabaka juu ya tabaka. Sasa fikiri kwamba pale katikati ya kitunguu umeweka ute wa dongodongo. Hicho ndicho kiini. Kwa kijana, karibu sehemu nne kwa tano za kiini hicho ni maji.

Mchana kutwa, uzito wa mwili na mizigo unakamua maji kidogo kidogo kutoka kwenye diski. Usiku ukilala, yanarudi. Ndiyo maana mtu mzima jioni ni mfupi kuliko asubuhi, kama sentimita moja au zaidi kidogo. Ukitaka, jipime ukutani na mkaa.

Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake. Inakula kwa kuminywa na kuachiwa, kama sifongo kwenye beseni. Mtu akitembea, diski inakula. Mtu akilala kitandani wiki mbili kwa sababu ya mgongo, diski inakaa na njaa, na misuli inalegea juu yake. Tumbaku nayo inapunguza damu inayofika karibu na diski, kwa hiyo wavutaji huumwa mgongo zaidi.

Umri ukisonga, kiini kinakauka na ukuta unapata nyufa. Wakati mwingine kiini kinajipenyeza kwenye ufa na kugusa mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Hapo ndipo mtu anasikia moto au umeme kutoka tako, nyuma ya paja, mpaka chini ya goti au kwenye kidole cha mguu. Hiyo ndiyo siatiki, na mara nyingi inatokea kwenye diski mbili za chini kabisa za kiuno.

Neno "imetoka" linadanganya kidogo. Diski haichomoki kama sahani kwenye kabati. Imeshikamana na mfupa wa juu na wa chini. Kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kuikanyaga au kuisukuma irudi, hata awe na nguvu gani. Na kumbe mwili wenyewe unajua kazi yake: kwa watu wengi, kile kipande kilichochungulia kinanyauka polepole katika wiki na miezi inayofuata, na maumivu ya mguu yanashuka bila upasuaji.

Jambo lingine, kabla hujatoa pesa ya picha. Radiografi ya kawaida inaonyesha mfupa, haionyeshi diski. Zile mashine kubwa zinazoonyesha diski nazo zina mtego wake: watafiti waliokusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote walikuta diski iliyovimba kwa watu 30 kati ya 100 wenye umri wa miaka 20, na kwa watu 84 kati ya 100 wenye miaka 80. Walikuwa wanatembea, wanafanya kazi, hawajui kitu. Diski iliyochakaa ni kama mvi. Inaonekana, lakini si lazima iume.

Katika kila watu 10 wanaoumwa kiuno, kwa karibu 9 waganga hawaoni sehemu moja iliyovunjika au iliyooza. Ni misuli, ni viungo, ni uchovu, ni usingizi mbaya na mawazo mengi, vyote pamoja. Hiyo haina maana kwamba maumivu ni ya uongo. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na hakuna tatizo jingine linalowazuia watu wengi hivyo kufanya shughuli zao.

Na tusimsengenye mwenzetu anayeumwa. Kule Finland walichunguza mapacha wanaofanana kabisa, mmoja akiwa na kazi nzito na mwingine kazi nyepesi. Diski zao zilifanana sana, kuliko watu walivyotegemea. Yaani sehemu kubwa ya uchakavu tunairithi kwa wazazi. Kazi inaongeza juu yake, na hiyo nyongeza ndiyo tunayoweza kuigusa.

Alama ambazo hazingoji

Hapa tunaomba msome polepole, na yule anayejua kusoma awasomee wengine.

Mtu mwenye maumivu ya mgongo ambaye ameanza kushindwa kukojoa, au mkojo au choo kinamtoka bila yeye kujua, au hasikii akijigusa katikati ya mapaja, pale anapokalia kiti: huyo aende hospitali leo. Si kesho, si baada ya maombi ya Jumapili. Mshipa mkubwa wa chini unabanwa, na saa zinahesabika. Akichelewa anaweza kubaki hivyo maisha yake yote. Ni jambo la nadra, lakini mwanamke wa kijijini anaona aibu kulisema, na aibu hiyo ndiyo inayomchelewesha. Viongozi wanawake wa vikundi, lisemeni ninyi kwa sauti, mbele ya wote, ili asilazimike kulianzisha mwenyewe.

Vivyo hivyo mguu unaozidi kukosa nguvu: unyayo unaburuza, kandambili inaanguka, goti linakunja lenyewe. Vivyo hivyo maumivu baada ya kuanguka kwenye mti au pikipiki. Kwa mzee, hata kuanguka kidogo tu kwatosha kuvunja pingili.

Halafu kuna mgongo wenye homa. Mwanachama wetu mmoja, baba wa watoto watano, alichomwa sindano za "diski" karibu miezi sita na mchoma sindano wa mtaani. Muda wote huo usiku alitoka jasho mpaka shuka linaloa, na suruali zilimlegea. Hakuna aliyemuuliza. Ilikuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye pingili. Leo anatembea na amerudi kwenye maharagi yake, lakini nundu imebaki mgongoni. Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu tu, na mgongo ni mahali kinapopapenda. Dawa zake katika nchi yetu ni za bure. Maumivu yasiyopungua hata ukilala, homa za jioni, kukonda, nundu inayoota: omba wakupime kifua kikuu, hata kama hukohoi.

Wafugaji wana jambo lao. Brusela, ugonjwa ule unaofanya ng'ombe watupe mimba, unaingia kwa mtu kupitia maziwa mabichi au kwa kushika kondo la nyuma na ndama aliyetupwa bila kujikinga mikono. Kwa mtu unaleta homa inayokwenda na kurudi, maumivu ya viungo, na mara nyingi sana kiuno. Kama umekunywa maziwa yasiyochemshwa, mwambie mganga, hawezi kubahatisha. Na chemsheni maziwa.

Mtoto anayelalamika mgongo siku nyingi naye apelekwe. Kwa mtoto hilo si jambo la kawaida.

Mjini Bunia kuna Hospitali Kuu ya Rufaa na CME. Kwa wa mbali, anza na kituo cha afya chako upate karatasi ya kukutuma mbele.

Kama hakuna alama hizo

Basi una mgongo wa kawaida, au siatiki ya kawaida. Inauma, hatukatai. Kuna watu wameshindwa kuvaa viatu. Lakini wengi wanapata nafuu kubwa ndani ya wiki sita. Siatiki inaweza kuchukua wiki sita mpaka kumi na mbili, wakati mwingine zaidi.

Zamani waganga waliagiza kulala kitandani. Siku hizi wameacha. Siku moja au mbili kama maumivu ni makali sana, ukilala chali na miguu juu ya kiti au gunia la maganda ya mpunga, halafu uamke. Tembea uani, kisha mpaka kwa jirani, kisha mpaka shambani bila jembe. Maumivu kidogo wakati wa kutembea hayana maana kwamba unajivunja. Kukanda kwa kitambaa cha moto kunasaidia watu wengi na hakuna bei.

Sindano ni hadithi nyingine. Diklofenaki inapunguza maumivu siku chache, lakini haiyeyushi diski wala hairudishi kitu mahali pake. Ukirudia rudia inatoboa tumbo na inaumiza mafigo, hasa kwa mtu anayelima juani na maji kidogo. Mama mwenye mimba asiichukue bila mganga kukubali. Na sindano ya tako ikichomwa vibaya inaweza kugonga ule ule mshipa wa siatiki, ukatoka na mguu mbaya kuliko ulioingia nao. Vile vile wengi wanasema "ni mafigo" kila kiuno kinapouma, na wanakunywa dawa za mafigo ambayo hayana ugonjwa wowote. Figo likiumwa kweli, mara nyingi kuna homa, mkojo unaobadilika rangi au unaochoma, na maumivu hayabadiliki ukigeuka.

Hesabu ya mzigo

Mwaka 1999 watafiti wa Ulm, Ujerumani, walichapisha kazi ya ajabu. Walimpata mtu mmoja aliyejitolea, wakamwekea kipimo kidogo ndani ya diski ya kiuno, wakamwacha afanye mambo ya kawaida huku wakisoma mgandamizo. Ukichukua kusimama wima kuwa 1, kuinama mbele mikono mitupu kulikuwa zaidi kidogo ya 2. Kuinua kilo 20 kwa kuinama na mgongo uliopinda kulipita 4 na nusu. Kilo 20 zile zile kwa kukunja magoti, 3 na kidogo. Na kuzishika zikiwa zimegusa kifua, 2 na kidogo. Ni mtu mmoja tu, ndiyo, lakini mpangilio wake unaeleweka kwa yeyote aliyewahi kutumia mtaimbo.

Misuli inayonyoosha mgongo iko kama sentimita tano tu nyuma ya katikati ya diski. Bidoni ya lita 20 ukiinyanyua mikono ikiwa mbele, iko sentimita 40 mbali. Ni ubao wa watoto wa kubembea ambao upande mmoja ni mfupi mara nane: ili kushika kilo 20 huku, misuli inavuta kilo 160 kule, na bado hatujahesabu uzito wa kifua na kichwa chako. Vyote hivyo vinaishia kwenye diski. Ukiivuta bidoni ikagusa mwili, sentimita 40 zinakuwa 20, na deni linakatika nusu.

Kwa hiyo ushauri wote wa kubeba unatoka kwenye hesabu moja: mzigo uwe karibu na tumbo. Kukunja magoti kunasaidia kwa sababu kunakusogeza karibu. Usigeuze kiuno huku umebeba, geuza miguu. Bidoni mbili za lita 10, moja kila mkono, ni bora kuliko moja ya 20 upande mmoja. Pompi ya kupulizia dawa ya lita 16 ikijaa inakaribia kilo 20. Iweke juu ya meza au gogo, uivae ukiwa umesimama, usiinyanyue kutoka chini kwa mkono mmoja ukaizungushia mgongoni. Ndivyo karibu kila mtu anavyofanya.

Saki yenye kofia

Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanaume mzima asibebeshwe peke yake zaidi ya kilo 55, na mwanamke apunguziwe sana chini ya hapo. Ni zaidi ya miaka hamsini sasa. Saki la mihogo sokoni kwetu, likishonewa ile kofia juu kama mnunuzi anavyotaka, linapita kilo 100 kwa urahisi. Saki la kahawa la kilo 60 linalotumika sana duniani tayari ni kubwa kwa mtu mmoja.

Kofia inaumiza mara mbili: inakula mgongo wa mbebaji na inakula pesa ya mkulima, maana saki linalipwa kama saki. Wakenya wanaijua vizuri, wanaiita lumbesa. Kanuni zao za viazi za mwaka 2019 zinataka mfuko usizidi kilo 50. Lumbesa haijafa kule, wanunuzi wana ujanja, lakini sasa mkulima ana karatasi ya kusimamia.

Hapa kwetu karatasi hiyo inaweza kuwa uamuzi wa koperative yenyewe. Mkulima mmoja akikataa kofia, mnunuzi anakwenda kwa jirani. Koperative nzima ikikataa, atakwenda wapi? Mizani moja ya kuning'iniza inatosha kwa kikundi, na likilimba mnayochanga ya mwezi mmoja inaweza kuinunua. Pimeni, andikeni kilo, uzeni kilo.

Njia nyingine ni kupunguza maji. Mihogo mibichi zaidi ya nusu yake ni maji. Kilo 100 za mizizi zinatoa kama theluthi moja tu ya mihogo mikavu, ile kosheti. Mama anayebeba mizizi kutoka bondeni anabeba maji kwa sehemu kubwa. Kama kuna mahali salama pa kuloweka na kuanika karibu na shamba, fanyeni huko. Ila msifupishe kuloweka ili mzigo utoke haraka: mihogo michungu isiyolowekwa vizuri inaleta konzo, na konzo inapooza miguu kwa namna ambayo haina dawa.

Tunajua kwa nini mizigo imekuwa mikubwa. Mtu asiyejua kama kesho njia ya shamba itakuwa wazi anavuna anachoweza leo, anabeba vyote mara moja, tena mbio. Kumwambia "beba kidogo kidogo, urudi tena" ni kumdharau. Kwa hali hiyo tunaweza kusema tu haya: watu wawili wenye mti begani na saki likining'inia katikati wanabeba vizuri kuliko kila mmoja na lake, na wakilazimika kulitupa wanalitupa haraka. Baiskeli ya kikundi kwa siku ya mavuno. Na mama aliyejifungua juzi asipangiwe mzigo wa mkanda wa kichwani, hata kama mwenyewe anasema anaweza. Atasema anaweza.

Saa ya kwanza

Kumbukeni kwamba alfajiri diski zimejaa maji. Zimevimba na kukaza, kama maharagi yaliyolala kwenye maji. Kuinama sana saa hiyo kunazibana kuliko saa nne. Anayetembea nusu saa au saa nzima kufika shambani anazipa nafasi ya kupungua. Njia yake inamlinda bila yeye kujua. Wanaoumia ni wenye shamba nyuma ya nyumba, wanaotoka kitandani moja kwa moja wakainama. Hao waanze na kazi ya kusimama: kuchota maji kwa mizigo midogo, kukata matawi, kukagua viwavi kwenye mahindi. Jembe lingoje kidogo.

Mpini

Hapa ndipo tunapogombana na wazee wetu, kwa heshima. Jembe letu la kupalilia lina mpini mfupi, na mama anaweza kuinama nalo saa tano mfululizo, mara nyingi na mtoto mgongoni. Tukisema mpini urefushwe, muzee mmoja anajibu: "Sisi tulilimaka hivi tangu zamani. Mutu anasimama wima mu shamba, iko analima ao iko anangoja bisi?" Watu wanacheka, na kikao kinaishia hapo.

Si Ituri peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 FAO na IFAD walichunguza zana za wanawake wakulima katika nchi tano za Afrika, Uganda jirani yetu ikiwemo, nao walikutana na wazo lile lile, kwamba mpini mrefu ni wa mvivu. Na kule California, Marekani, kwenye mashamba ya saladi na biti za sukari, wafanyakazi wengi wenye asili ya Meksiko walilazimishwa kutumia jembe lenye mpini wa kama sentimita 60. Waliliita el cortito, yaani lile fupi. Wenye mashamba walidai jembe refu litakata miche. Wafanyakazi walijua sababu nyingine: msimamizi akitupa jicho shambani, aliyenyoosha mgongo alionekana mara moja. Madaktari walitoa ushahidi juu ya migongo waliyoitibu, kesi ikafika mahakama kuu ya jimbo, na mwaka 1975 jembe lile likapigwa marufuku. Saladi ya California bado inalimwa.

Tuseme ukweli wote lakini. Kuvunja udongo mgumu au mizizi ya nyasi kunataka jembe zito lenye mpini wa wastani. Mrefu sana unakunyima nguvu. Kwa kazi hiyo dawa ni zamu: dakika 20 au 30 za kulima, kisha kubadilishana na anayekusanya nyasi, na kila mara unyooshe mgongo, mikono kiunoni, utazame juu. Mpini mrefu ni wa kupalilia. Na palizi ndiyo inayokula siku nyingi za mwanamke.

Ili ufanye kazi, mambo matatu lazima yakae pamoja. Urefu: mpini ukisimamishwa chini ufike kifuani mpaka kidevuni kwa anayelitumia, si kwa mume wake. Bamba: liwe jepesi na jembamba, hata la jembe lililochakaa linafaa. Pembe: hapa wengi wanakosea. Ukichomeka mpini mrefu kwenye jembe lile lile la zamani, bamba linachimba kwa ncha badala ya kuteleza chini ya majani, mikono inachoka, na mama anarudi kwenye jembe fupi akisema wataalamu wametudanganya. Mhunzi lazima akunje bamba kidogo kuelekea mpini, ili ukisimama wima lilale chini na kukata nyasi kwenye shingo.

Pia mpini mrefu unataka mistari. Kwenye maharagi yaliyotupwa ovyo hauwezi kupita. Mahindi kwa sentimita 75 kati ya mstari na mstari, maharagi kwa 40, unapita bila kugusa mche. Kupanda nako kunaweza kufanywa wima: mmoja anatoboa kwa mti mrefu, mwingine anadondosha mbegu kupitia bomba la mwanzi au la plastiki, mguu unafunika. Na majani makavu yakitandazwa kati ya mistari yanaondoa palizi nzima moja wakati mwingine. Hakuna mgongo uliowahi kuumizwa na palizi isiyofanyika.

Siku mbili za kwanza mikono na mabega yatauma kwa sababu yanafanya kazi mpya. Wapeni akina mama wiki moja kabla ya kuhukumu, tena kwenye mistari yao wenyewe, bila watu kuwatazama kandokando.

Komite zinazotaka mfano kabla ya palizi ya msimu ujao zitume mtu na jembe lenyewe, si mpini peke yake, kwa sababu kila mhunzi ana ukubwa wake wa tundu. Waje pia na kipimo cha kamba: kutoka ardhini mpaka kidevuni, kwa kila mama atakayelitumia, na jina lake limefungwa kwenye kamba.